Mlango wa Duka la Pombe

Nyumba yetu hapa Baraka inatazamana na shule. Komini, yaani serikali ya mji, ilipokataza maduka ya pombe kufungua mlango mbele ya shule, jirani yangu muuza lotoko, pombe kali ya kienyeji, hakulalamika hata kidogo. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Mtu wa maneno mengi kama yeye, anyamaze tu?

Kesho yake alileta fundi, akaziba mlango wa mbele kwa matofali na kutoboa mwingine nyuma, upande wa ziwa.

"Mama, sasa mi niko ndani ya sheria," aliniambia akicheka. "Mulango iko inaangalia maji."

"Na dirisha la mbele, linaloangalia shule?"

"Dirisha ni ya hewa."

Sikumwamini. Asubuhi nilikaa kibarazani nikichambua maharage, macho kwenye dirisha lile. Wakati wa mapumziko mkono ulitoka na chupa, na aliyeipokea alikuwa mwalimu. Nilikwenda kumwita ajenti wa komini. Akaketi nami mpaka chupa nyingine ikatolewa mbele ya macho yake. Siku hiyohiyo dirisha likazibwa.

Jirani hanisalimii tena. Juzi nilimkuta akiulizia kiwanja karibu na msikiti, kwa kuwa sheria ya komini inataja shule tu. Aliponiona, akageuza mazungumzo.