Mtani Wangu na Mashine ya Presha

Miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa, Dodoma nzima tulikuwa wawili tu wenye mashine ya presha ya kuoshea magari, ya kubebwa kwenye pikapu. Hatukumngoja mteja, tulimfuata, Area D, Mvumi, popote penye gari lenye vumbi na mwenye gari asiyetaka kulishika kwa mikono yake. Mimi nilikuwa mmoja. Mwingine alikuwa mtani wangu, yeye Mhehe mimi Mgogo, na alikuwa mzembe.

Nalisema bila haya. Alichota maji ya chumvi kwenye kisima cha jirani yake, akamwagia injini ikiwa bado ya moto, akaondoka kabla madoa meupe hayajajitokeza kwenye rangi. Mimi nilipanga foleni kwenye bomba la mtaa tangu alfajiri, nikafunika betri kwa nailoni, nikakausha kwa kitambaa mpaka kwenye bawaba za milango. Wateja walijua tofauti. Sifa hiyo ndiyo mali niliyokuwa nayo, na niliipenda kuliko mashine yenyewe.

Kampuni moja mpya ikatangaza kazi ya kuosha magari yake yote. Meneja alikuwa mgeni kutoka nje, Kiswahili chake cha darasani, safi na cha polepole. Akatuita wote wawili ofisini, tukakaa mbele ya meza yake. Akaniuliza mimi kwanza maji nayapata wapi.

Kabla sijafungua mdomo, mtani akadakia: "Huyu? Anachota lamboni, ng'ombe wakishakunywa na kukojoa!"

Nikacheka. Ningefanya nini? Tangu utotoni nilifundishwa kwamba mtani hajibiwi kwa hasira wala hakanushwi, anaongezewa. Nikasema: "Tena huo mkojo ndio unaonipunguzia gharama ya sabuni."

Meneja hakucheka. Aliandika kitu. "Kumbe ni kweli," alisema, akamgeukia mwenzangu. Nikaanza kumweleza utani ni nini, nikababaika, maana jambo hilo sikuwahi kulazimika kumweleza mtu. Nikamtazama mtani anisaidie. Sentensi moja ingetosha. Alikuwa anaangalia kucha zake.

Kazi akapewa yeye. Nje nikamshika mkono, nikamwambia arudi akaseme ukweli. Akanitolea macho kwa mshangao wa uongo ambao mpaka leo unanichefua.

"Ah, mtani, umekasirika?"

Na kweli, ningemshtaki kwa nani? Wazee wangenicheka mimi.

Habari ya lambo ikazagaa mjini, na walioisimulia walisahau kusema kwamba ulikuwa utani. Wateja wakapungua mpaka nikauza mashine. Siku moja mtani akaja nyumbani, hana mzaha hata kidogo. Madoa meupe yalikuwa yamemfikisha pabaya, meneja anatishia kumfukuza, akaniomba niende nikamfanyie kazi. Nilikuwa na watoto wa kulisha. Nikaenda, nikimchukia yeye na kujichukia mwenyewe.

Nikapanga foleni bombani kama zamani. Wiki ya pili meneja akapita, akapitisha kidole kwenye boneti iliyokuwa inang'aa, akaniuliza maji haya yametoka wapi.

"Bombani, bosi," nikasema. Sikucheka.

Akamgeukia mtani wangu, akangoja yeye aitikie, ndipo akaamini.