Nyuki Ndani ya Sandarusi

Siku ya arobaini ya mama, uani kwetu Handeni wanawake walikuwa wakichambua mchele wa pilau, na wanaume wameketi mkekani mbele ya nyumba wakimsubiri shehe aanze hitima. Mama alianguka shambani wakati wa palizi na hakuinuka tena. Hakuugua, hakuaga. Kila mtu pale nyumbani alikuwa bado anaongea kwa sauti ya chini, kama vile tungemwamsha.

Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa amekuja kutoka Kerenge alikoolewa. Yeye ndiye aliyechukua kazi ya ubani. Aliingia chumbani kwa mama, akatoka na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo mlikuwa na bonge la sandarusi, utomvu mgumu wa kufukizia, limeviringishwa kwenye kipande cha khanga. Lilikuwa kubwa kama yai la kuku, rangi ya asali iliyokaa sana, na nje limefunikwa na ukoko wa vumbi.

"Haya mwanangu, lipondeponde hili," aliniambia. "Makaa yameshakolea."

Nilichukua mchi. Kabla ya kupiga nikalifuta bonge kwa pindo la khanga ili vumbi lisiingie kwenye chetezo, na lile pindo lilikuwa limelowa maji. Upande mmoja ukang'aa. Nikaliinua juani. Katikati kulikuwa na mdudu mweusi, mdogo kuliko punje ya mchele, mabawa yamekunjuka, miguu ya nyuma minene. Nikaligeuza huku na huku. Mdudu hakuwa juu wala chini. Alikuwa ndani.

"Mama mkubwa, humu mna nyuki."

"Mpige na yeye aungue."

"Hapana, mama. Tafadhali. Nipeni mimi hili. Nitanunua ubani mwingine dukani sasa hivi."

Mama mkubwa aliniangalia kama mtu asiyenifahamu. Akaniambia, taratibu, kwamba sandarusi ile aliichimba bibi yangu kwa mkono wake alipokuwa msichana, upande wa chini kuelekea pwani. Mama alipoachiwa sandarusi hiyo alisema mbele ya dada yake, si mara moja, kwamba haitachomwa kwa harusi wala kwa mgeni. Itamfukiza yeye siku akifa. Kule mazikoni watu walichanganyikiwa, ikasahaulika. Leo ndiyo ilikuwa siku yake.

Sikujua hayo. Ningeyajua, sijui ningefanya nini. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na kwa miaka mingi nilikuwa nimefundisha habari za visukuku, masalia ya viumbe wa kale, bila kuwahi kushika hata kimoja. Nchi yetu ya Handeni na Korogwe ina miamba migumu iliyopikwa na moto wa chini ya ardhi, haihifadhi mifupa wala majani. Nilikuwa nachora samaki ubaoni kwa chaki, nachora matabaka ya udongo juu yake, na wanafunzi wananakili samaki yule akiwa amechakaa zaidi katika kila daftari. Na sasa nilikuwa nimeshika kiumbe mzima wa zamani, na mchi mkono wa pili.

Baba aliitwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasikiliza pande zote mbili.

"Mpe," alisema. Kisha akarudi mkekani.

Ulichomwa ubani wa dukani. Mama mkubwa alisali nasi, lakini pilau ilipopakuliwa alikuwa ameshachukua mkoba wake na kuondoka. Hakuniaga.

Nilirudi Korogwe na bonge langu kwenye mkoba. Kesho yake niliingia nalo darasani, kidato cha nne, nikawapitishia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akienda nalo dirishani. Sijawahi kuona darasa limetulia vile. Niliwaeleza kwamba mti ukijeruhiwa hutoa utomvu, utomvu hunata, mdudu akitua hunaswa, na utomvu mwingine humfunika. Hewa haimfikii, ukungu haumfikii. Mti huanguka na kuoza, lakini utomvu huzama udongoni na kuwa mgumu, na yule mdudu anabaki na hata vinyweleo vyake.

Msichana mmoja, binti wa mwalimu wa madrasa, alinyoosha mkono. "Mwalimu, huyu nyuki ni wa kabla ya Nabii Adamu?"

Wenzake waligeuka kunitazama. Wengine walikuwa wajukuu wa manamba waliokuja kukata mkonge, watoto wa kanisani. Swali lilikuwa lao pia.

"Sijui umri wake," nilimjibu. "Lakini dunia ni kongwe sana, na viumbe wengi waliishi na kutoweka kabla yetu. Hilo ndilo miamba inalotuonyesha. Mimi naswali kama baba yako, na somo hili nalifundisha kwa moyo mmoja. Kamuulize na yeye, kisha uje tuzungumze."

Alikuja wiki iliyofuata. Baba yake alikuwa amemwambia kwamba Mungu ameamrisha watu watembee duniani watazame jinsi uumbaji ulivyoanza, na kwamba angependa siku moja naye amwone huyo nyuki. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia yule mtoto.

Haikupita muda, mwanamke mmoja tuliyesoma pamoja sekondari, ambaye sasa ni mtaalamu wa miamba kwenye machimbo ya dhahabu Handeni, alipita Korogwe kusubiri basi. Nilimkaribisha chai nyumbani kwangu, upande wa Korogwe ya zamani, nikamwekea bonge mezani kama mtu anayemwonyesha mgeni mtoto mchanga. Alilitazama kwa lenzi yake muda mrefu. Kisha akaomba spiriti na pamba, akasugua pembeni, kule ambako nyuki hayuko. Akanipa nibonyeze kwa kidole. Palinata.

"Kaharabu ya kweli, utomvu uliogeuka jiwe kwa mamilioni ya miaka, haifanyi hivi," alisema. "Hii bado haijakomaa. Ina miaka mamia, ikizidi sana elfu chache. Pole, rafiki yangu."

Nilicheka ili asione uchungu wangu. Alipoondoka nilikaa pale mezani na chai yangu iliyopoa, nikahesabu hasara. Nilikuwa nimeuvunja wasia wa mama, nimemuudhi dada yake pekee aliyebaki, kwa ajili ya mdudu ambaye huenda alikufa wakati babu za babu zangu wanalima. Nilimpigia baba, nikamweleza.

"Huyo nyuki ana mwiba?" akauliza.

"Hana, baba. Ni wa wale nyuki wadogo."

"Basi ni hawa hawa wanaokaa kwenye nguzo ya jikoni. Mama yako alipokuwa na mimba yako hakutaka kula kitu ila asali yao." Hilo sikuwahi kuambiwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumsikia akimtaja mama.

Yule rafiki yangu alikuwa ameniachia swali jingine, nalo ndilo lililonipeleka Kerenge. Aliuliza bonge lilichimbwa wapi, na kama miti yenyewe bado ipo. Nilipanda bodaboda asubuhi ya Jumamosi, na sukari na mkate kwenye mfuko, nikimwomba Mungu nipokelewe.

Mama mkubwa alikuwa anaanika muhogo juu ya turubai. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikasema, "na kukuuliza habari za bibi."

"Radhi umeipata. Habari za bibi yako zinakuhusu nini, wewe unayetaka wadudu?"

Nilichuchumaa nikaanza kumsaidia kuanika. Tulifanya kazi bila maneno mpaka turubai likajaa. Nadhani mikono yangu ndiyo iliyoomba msamaha vizuri zaidi kuliko mdomo, maana aliponawa alileta vigoda viwili akaviweka kivulini.

Alinisimulia kwamba bibi akiwa msichana aliongozana na shangazi zake kwenda kuchimba sandarusi. Walichimba mahali peupe, kwenye nyasi na vichaka, hakuna msandarusi hata mmoja karibu. Watoto walikuwa wakiuliza utomvu umefikaje huku bila mti, na wakubwa wanajibu kwamba ndivyo ardhi ilivyo.

"Mama mkubwa, miti ilikuwepo. Pale palikuwa msitu. Ulikauka au ulichomwa, hatujui, ukaisha kabla ya bibi kuzaliwa. Kilichobaki ni utomvu, na waliokuwa ndani yake. Hili bonge ni habari ya msitu ambao hakuna mtu aliyeuona."

Nililitoa. Akavaa miwani yake ya kusomea msahafu, akaliinua juani kama nilivyofanya mimi siku ile.

"Mbona miguu yake imevimba?"

"Haijavimba. Ni utomvu. Nyuki hawa huuchukua kwenye miti wakaenda kujengea nyumba yao. Alikuwa ameshabeba mzigo, akakanyaga vibaya."

Akaligeuza tena juani.

"Maskini," akasema. "Na kwao wakamsubiri."

Machozi yakaanza kumtoka, ya kimyakimya, yakiteremka chini ya miwani. Na mimi nikaanza. Tulilia pale kwenye vigoda vyetu, mtu mzima na mtu mzima, majirani wakipita na kutuamkia kwa adabu bila kuuliza. Sikuwa nimelia hivyo hata mazikoni.

Tulipotulia nilimwomba kisu. Nilikwangua upande ule uliosuguliwa na spiriti, ukatoka unga na vipande kama vya sukari guru, vikajaa kijiko. Mama mkubwa aliwasha makaa. Moshi ulikuwa na harufu ya limau na ya kitu kingine, kizito, ambacho sina jina lake. Aliinua mikono akamwombea mdogo wake kwa jina lake lote, akamwombea na bibi, na mimi nikaitikia amina. Nyuki hakuguswa.

Leo bonge liko shuleni, kwenye kisanduku cha kioo alichotengeneza fundi wa madirisha, na kando yake nimeandika tunachokijua na tusichokijua. Baba wa yule msichana alikuja kweli. Alikaa nalo dirishani mpaka adhana ya adhuhuri. Sifundishi tena kwamba kisukuku lazima kiwe cha mamilioni ya miaka ndipo kiwe na la kusema. Nawaambia wanafunzi kwamba kila kimoja kina umri wake na habari zake, na kazi yetu ni kutokizidishia.

Na mama mkubwa amenogewa. Hunipigia simu siku za gulio, akiwa njiani, kelele za watu nyuma yake. Nimemweleza habari za nyangumi ambao wazee wao walitembea nchi kavu, na za farasi waliokuwa wadogo kama mbuzi. Nyangumi aliwakubali. Farasi bado anawatilia shaka. Juzi alinipigia nikiwa katikati ya kusahihisha mitihani.

"Eti ni kweli nyoka zamani alikuwa na miguu?"

"Ni kweli, mama. Vimeonekana visukuku vya nyoka wenye vijiguu vidogo vya nyuma."

Akageuka, nikamsikia akimwambia mtu aliyekuwa naye gulioni, "Si nilikwambia? Haya, leta hayo matembele, nimeshinda mimi." Akarudi kwenye simu. "Na hiyo miguu aliiacha kwa nini?"

Nikamwambia asubiri, nikaenda kabatini kutafuta kitabu.