Sabina na Mkono wa Ngusa

Shija wa Kabasa, kule Bunda, aliumwa na nyoka wake mwenyewe mbele ya wakwe zake, na tangu siku hiyo hakuwa na amani na mkono wa mwanamume mwingine.

Nyoka alikuwa chatu jike, mnene kama paja la mtu mzima, akiishi kwenye sanduku la mbao nyuma ya jiko. Jina lake Sabina. Mbuke, mke wa Shija, hakuwahi kuuliza jina hilo lilikotoka. Aliona tu kuku mzima akienda kwa Sabina huku yeye akiletewa dagaa, akasema kwamba katika ndoa zote za wake wawili alizowahi kuziona, mke mdogo naye hushika jembe.

Shija alicheza ngoma ya nyoka, kama baba yake. Kwa watu wa ngoma hiyo, hakuna anayemgusa nyoka bila kujipaka dawa mikononi. Dawa ya Shija ilikaa kwenye pembe ya mbuzi aliyorithi: unga mweusi wa mizizi, uliolainishwa kwa mafuta. Marehemu baba yake alitumia samli. Ng'ombe walipoisha, Shija alitazama uani, akaona kuku nao wana mafuta, na kuanzia hapo alilainisha dawa kwa mafuta ya kuku, akajihesabu miongoni mwa watu walioiendeleza mila.

Ni kuanzia hapo pia Sabina alipoanza kumwuma. Alimwuma akimtoa sandukuni, alimwuma akimlisha, kwa kuwa Shija alimpa kuku mkononi kama mtu anayempa mgeni kikombe cha chai, na Sabina hakuona sababu ya kutofautisha kuku na mshikaji. Chatu hana sumu, lakini meno yake yameelekea ndani. Ukivuta mkono unauchana mwenyewe. Mbuke alikuwa akimwagia Sabina maji kichwani mpaka aachie, kisha anamfunga mumewe kitambaa.

Kila alipoumwa, Shija aliongeza dawa.

Kwenye kikundi chao mtu anayeumwa haulizwi kama nyoka alikuwa na njaa. Anaambiwa dawa yake imelala. Anahamishiwa kwenye ngoma, akapige, na nyoka anakwenda kuishi kwa yule anayekubalika.

Yule anayekubalika alijulikana. Ngusa, fundi baiskeli wa jirani, mtu mzima mwenye watoto wake, alikuwa ameingia kikundini juzijuzi tu. Sabina hakuwahi hata kumfunulia mdomo. Shija alichunguza sana, akagundua kwamba Ngusa hutembea na kichupa mfukoni, na kwamba kabla ya kumshika nyoka hukimiminia viganjani akijitenga pembeni, karibu na maji. Dawa ya maji, basi. Ya kununua, pengine ya Musoma mjini, kwa watu wasioogopa bei.

Siku moja Shija alirudi kutoka zahanati na mkono wake umefungwa bandeji. Alimkuta Ngusa ameketi uani kwake kwenye kigoda chake, Sabina amemlalia mabegani kama mtandio. Mbuke alikuwa amemwita amlishe nyoka, na Ngusa alikuwa amemtoa kidogo kwanza ili asafishe sanduku. Kuku alikuwa amefungwa pembeni, karibu na fimbo ndefu ya kumsogezea. Na Mbuke alikuwa akimmiminia Ngusa chai. Yenye maziwa.

Shija alisimama pale mlangoni akishindwa kuamua aanze kumwonea wivu nani kwa ajili ya nani.

“Karibu, baba,” Ngusa alisema. “Ametulia kweli huyu mama.”

“Kwangu hatuliagi,” Shija alijibu.

“Labda anakuonaga chakula,” Mbuke alisema, akaongeza sukari kwenye kikombe kisicho cha mumewe.

Wiki hiyo Mhoja, kiongozi wa kikundi, alitangaza kwamba wamealikwa Mwitongo, Butiama, kwenye jubilei ya ndoa ya mzee mmoja mwenye watoto wengi na hema la kukodi. Shija angefungua ngoma na Sabina. Akiumwa safari hii, Mhoja alisema kwa upole unaotumika misibani, sanduku litateremkia kwa Ngusa.

Walifika Butiama jua likiwa kali. Wachezaji walipewa banda la kubadilishia nguo, na suruali ya Ngusa ikaning'inizwa kwenye msumari, kichupa kikichomoza mfukoni. Shija aliitazama suruali hiyo kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Kisha akachukua kichupa.

Alijua kwamba dawa mbili hazikai kwenye mkono mmoja. Hugombana, na anayeumia ni mwenye mkono. Kwa hiyo alikwenda bombani, akaisugua dawa ya baba yake kwa mchanga mpaka kwenye viwiko, akimwomba marehemu radhi kila alipobadilisha mkono. Kisha akajimiminia ya Ngusa. Iliteleza. Ilinukia vizuri, akaona huo nao ni ujeuri. Akaipaka kwenye kila kidole, akasuuza utelezi uliozidi, akaenda uwanjani.

Ngoma ililia. Shija alifungua sanduku, akaingiza mikono, akafumba jicho moja. Sabina alinyanyua kichwa, akatoa ulimi, akapima viganja kwa utulivu wa mtu anayesoma tangazo. Halafu akapanda. Alipita kwenye kifua, akazunguka shingo, akaweka kichwa begani. Hema lote lilipiga vigelegele. Jasho lilimtoka Shija, na viwiko vikaanza kutoa povu.

Jioni, wakifunga mizigo, Ngusa alikuwa akipekua mifuko.

“Baba, hujaona kichupa changu?”

“Cha dawa?”

“Dawa gani tena. Sabuni ya maji. Mikono yangu inakuwaga na girisi siku nzima, naona aibu kumpaka mnyama.”

Shija alisema hajakiona. Njiani kurudi Bunda aliyapima maneno hayo, na kadiri alivyoyapima ndivyo alivyozidi kumwona Ngusa ni mtu mwenye siri nzito. Nani angekiri dawa yake hadharani? Yeye mwenyewe asingekiri.

Kesho yake alikwenda dukani akanusa sabuni moja baada ya nyingine mpaka mwenye duka akamuuliza kama ana mafua. Aliipata. Akaimimina kwenye pembe ya mbuzi, akaifunga kama ilivyokuwa ikifungwa siku zote.

Sabina alibaki Kabasa. Hamwumi tena, na kikundini wanasema dawa ya mzee imeamka. Lakini kila kichwa cha nyoka kinapotua begani kwake, Shija hushindwa kufurahi, maana anajua anayekumbatiwa ni nani.

Na kama vile hilo halitoshi, juzi Mbuke alimpita jikoni, akasimama, akarudi hatua moja, akamnusa.

“Siku hizi unanukiaga kama Ngusa,” alisema, na akamwekea maziwa kwenye chai.