Siku Tatu za Kunyamaza

Ntumba, mshonaji wa Kasungami, kwa miaka sita alicheza mchezo wa kuandikiana hadithi kwenye simu. Kila mchezaji alikuwa na mtu wake wa kubuni. Wa Ntumba alikuwa mganga aitwaye Kapya. Aliyetaka mtu wake apigane na wa mwenzake aliomba kwanza. Wengine walikuwa hawajibu, basi Ntumba mwenyewe akapendekeza sheria: anayenyamaza siku tatu amekubali.

Kisha malaria ikamlaza siku tano. Aliposhika simu tena, alikuta Doudou, mchezaji wa Sakania, ameomba pambano, amesubiri, na amemuua Kapya kwa mkuki. Akampigia Jean-Claude, msimamizi wa mchezo.

“Mi sikuitika, Jean-Claude. Nilikuwa mugonjwa.”

“Pole, mama. Lakini ile règle, ile sheria ya siku tatu, iko ya wewe mwenyewe. Nikiigeuza leo, bote batakuya kulalamika.”

“Na Doudou anasema nini?”

“Anaomba pardon. Alizani ulikubali.”

Hakubaki na wa kumkasirikia. Alijaribu kubuni mtu mwingine, akaandika umri tu, akafuta. Miezi minne alisoma wenzake wakiendeleza hadithi, bila kuandika neno. Kisha akajiondoa kwenye mchezo, na hakuna aliyeuliza.