Bahasha Iliyolala Kifudifudi

Sanduku la bati la Akiteng lilikuwa la samawati zamani. Mtu akiinama bado anaweza kusoma jina lake juu ya kifuniko, na chini yake "Kidato cha Pili", maandishi meupe ambayo mjomba wake alimwandikia alipokuwa akirudi bwenini. Alisoma muhula mmoja tu wa kidato hicho. Akarudi kwao Kamuriai na sanduku lake, akaambiwa angoje kidogo, na hakwenda tena. Sasa sanduku lilikaa chini ya meza ya kibanda chake cha chakula pale Malaba, kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka kuingia Uganda, na ndani yake mlikuwa na karatasi za watu.

Haikuwa kazi aliyoiomba. Ilianza na dereva mmoja aliyetaka kwenda kuoga. Foleni ilikuwa imesimama tangu jana yake, naye akamwachia Akiteng bahasha ya karatasi za mzigo ili wakala wa forodha akija aikute. Kesho yake akaja dereva mwingine na yake. Baada ya miaka kumi na moja, mawakala walikuwa wakipita kwake kwanza kabla ya kumtafuta dereva.

Akiteng aliweka utaratibu wake. Kila bahasha iandikwe namba ya lori kwa kalamu nene, na kila mkono ulioipokea uache alama. Ikiwa kazi haijaisha, bahasha inakaa uso juu, namba ionekane. Wakala akishamaliza na kuirudisha, Akiteng anailaza kifudifudi juu ya nyingine zote. Iliyolala kifudifudi imeiva. Dereva akija mbio kwamba foleni imesogea, hakuna kuulizana. Anapewa ya juu, anapanda gari, anaondoka. Hakuwahi kukosea hata mara moja, na hiyo ilikuwa fahari yake, ingawa hakuisema kwa mtu.

Kisha ikafika ile Jumamosi ya Septemba.

Mitchelle, kifungua mimba wake, alikuwa ameitwa kusomea uuguzi katika chuo kimoja Kisumu. Alitakiwa kufika Jumatatu asubuhi na karatasi halisi, si nakala: cheti cha kuzaliwa, matokeo ya mtihani, cheti cha kumaliza shule, fomu ya daktari na risiti ya benki. Barua ilisema wazi kwamba asiyefika na karatasi kamili, nafasi yake itapewa aliye kwenye orodha ya kungoja. Akiteng alikuwa ameisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko zile za kumpongeza mtoto.

Nafasi hiyo ilikuwa imetoka mbali. Mitchelle alipokuwa kidato cha tatu, wazazi waliitwa shuleni. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa na orodha ya wanafunzi wamepangwa kwa alama, na katikati yake amepiga mstari mwekundu. Mitchelle alikuwa chini ya mstari.

"Mama, huyu msichana ni mtulivu," mwalimu alisema. "Lakini atatuangusha wastani. Mwacheni arudie mwaka mmoja."

Akiteng hakuwa mtu wa kubishana na walimu. Alijishangaa aliposikia sauti yake ikisema mbele ya wazazi wote, "Mwalimu, huyu hatarudia. Mimi pia niliambiwa ningoje mwaka mmoja. Bado nangoja."

Baba mmoja nyuma akacheka. "Ai! Mama chapati anajua wastani kushinda mwalimu!"

Neno hilo lilimtangulia kufika Malaba. Mitchelle hakurudishwa nyuma, ila tangu siku hiyo alifanya majaribio kila Jumamosi, mtihani wa majaribio juu ya mtihani wa majaribio. Kuna asubuhi alitapika kabla ya kushika kalamu, akajipangusa, akaingia. Akija likizo, majirani hawakumuuliza kama yuko mzima. Waliuliza amepata ngapi. Matokeo ya mwisho yakatoka, akawa na C. Si alama ya kumbeba mtoto begani na kumzungusha kijijini kwa matawi na nyimbo. "C ni ya nini siku hizi?" shangazi mmoja aliuliza, tena akiwa anakula kwao. Lakini Baiolojia yake ilikuwa nzuri, Kiswahili na Kiingereza vilitosha, na uuguzi haukuomba zaidi. Okiror, babake, aliuza fahali wa kulimia bila kuambiwa mara mbili. Fedha za wadi za kusaidia karo zikajaza pengo.

"Tusitangaze," Akiteng alimwambia mumewe. "Akishalala kwa kitanda cha chuo, ndio watu wajue."

Kwa hiyo Jumamosi hiyo alikuja kazini na karatasi za mtoto ndani ya bahasha ya kaki, ili mchana azipeleke saiba zikatolewe nakala za kubaki nyumbani. Mitchelle alikuwa ameandika juu yake kwa mwandiko wake wa kupendeza: jina, chuo, na neno "Uuguzi" amelipigia mstari. Akiteng hakujua mahali salama pa kuiweka kuliko sandukuni. Na kwa kuwa hakutaka macho ya watu yasome, akaigeuza. Akailaza kifudifudi, juu ya nyingine zote.

Saa sita na nusu mikono yake ilikuwa ndani ya unga wakati Ayub alipokuja mbio. Ayub alikuwa dereva wa Mombasa, mtu wa makamo, trela lake la bluu, hajawahi kula kwingine Malaba.

"Mama Mitch, nipe! Foleni imefunguka!"

Akiteng akapangusa mkono mmoja kwa leso, akafungua sanduku, akampa ya juu.

"Safari njema, Ayub."

"Inshallah. Niwekee madondo Jumanne!"

Saa nane, alipofungua sanduku achukue karatasi za mtoto aende saiba, alikuta bahasha moja kifudifudi. Akaigeuza. Namba ya trela la Ayub ikamtazama. Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, na sufuria ya maharagwe, yale madondo ya Ayub, ikaanza kuungua bila yeye kusikia harufu.

Aliyeisikia ni Dancun, wakala wa forodha, kijana mwenye sauti kubwa na koti la kung'aa la kazi. "Mama Mitch, unatupikia makaa leo?" Kisha akamwona uso.

"Mpigie Ayub," Akiteng alisema. "Nimempa bahasha si yake."

Dancun akapiga. Akatikisa kichwa. "Ya Kenya amezima. Akishavuka anaweka laini ya Uganda, na hiyo sina. Lakini kuna grupu ya madereva, tuko watu zaidi ya mia mbili. Niandike nini?"

"Andika bahasha si yake, arudishe."

"Bahasha ya nani? Iko na nini? Mama, hao watu wako kwa barabara. Hakuna dere atasimamisha trela juu ya bahasha tu."

Kwenye benchi walikuwa madereva wanne wakila, na mama mmoja wa kubadilisha pesa aliyekuja kununua chapati. Wote walikuwa wameacha kutafuna. Akiteng aliwatazama. Alikuwa amelinda neno moja tangu mwezi wa sita. Hakulisema kanisani, wala kwenye chama cha akina mama, wala kwa dada yake wa tumbo moja. Alilikunja kama mtu anavyokunja noti ndani ya pindo la leso.

"Ni shule ya Mitchelle," alisema. Kisha kwa sauti zaidi, "Mtoto wangu ameitwa kusomea uuguzi. Jumatatu. Karatasi zake zote ziko kwa gari ya Ayub."

Dereva mmoja wa Makueni akasema, mdomo umejaa, "Haki, nesi? Huyu Mitch alinimwagia supu?"

"Huyo huyo!" mwenzake akamjibu. "Siku ukilazwa atakudunga sindano mbili, moja ya malaria, moja ya kelele ulimpigia."

Wakacheka, na kicheko hicho hakikuwa kile cha shuleni. Mama wa kubadilisha pesa alikuwa tayari anafuta jicho. "Na ulikuwa unatuficha?" Dancun akasema, vidole vikiandika. "Kwani sisi ni wachawi?"

"Si nyinyi," Akiteng alisema, akaipua sufuria iliyoungua.

Dancun akasoma alichoandika: "Madereva wote Malaba hadi Kampala. Ukimwona Ayub wa trela la bluu, msimamishe. Amebeba shule ya mtoto wa Mama Mitch. Jumatatu asubuhi lazima ifike Kisumu." Akaongeza picha ya ile bahasha nyingine; za kuvukia mpaka wakala alikuwa ameshazimaliza kwenye kompyuta, hizi zilikuwa karatasi za kupokelea mzigo ambazo Ayub mwenyewe angezihitaji Kampala. Dereva wa Makueni, ambaye zamu yake ya kuvuka ilikuwa karibu, akaichukua bahasha hiyo, akaandika namba ya lori lake chini ya ile ya Ayub, akaenda bila kumaliza chakula.

Mitchelle alipofika saa kumi kumsaidia mamake kuosha vyombo, Akiteng alimwambia yote bila kujipunguzia kosa. Msichana alisikiliza mpaka mwisho.

"Mum, si ungeniachia tu nikae nazo?"

"Ningekuachia."

Mitchelle akafunga aproni, akaanza kuosha sahani. Hakulia. Akiteng alimtazama mgongo akawaza kwamba ile mitihani ilimfunza mtoto huyu kungoja majibu bila kutoa sauti, na hakujua kama ni jambo la kushukuru au la kuhuzunikia. Angependa kumwona akivunja hata kikombe.

Jua lilikuwa bado juu ya paa za mabati simu ilipolia, namba ya Uganda.

"Mama Mitch! Nimesimama Iganga kuswali. Watu watatu wamenipigia honi, wa nne amenizuia kabisa na lori lake. Nafungua bahasha, naambiwa mimi ni msichana, nimezaliwa hospitali ya Kocholia. Na Baiolojia nimepita!"

Akiteng akamwashiria Mitchelle asogee asikie. "Ayub, nisamehe. Utachelewa kwa sababu yangu."

"Mimi nimechelewa kwa mvua, nimechelewa kwa pancha, nimechelewa kwa askari. Hii ndio mara ya kwanza nachelewa kwa kitu cha maana. Nangoja karatasi zangu hapa. Za mtoto nampa Opolot, anarudi Mombasa tupu. Ni Mteso mwenzako, hawezi kupotea."

Opolot hakupotea, ila foleni ya upande wa Uganda ilimkamata Jumapili asubuhi, mbali na mpaka, haisogei. Akiteng alikuwa kanisani. Padri alihubiri, yeye hakusikia neno. Ombi lake lote lilikuwa "Ee Mungu, bahasha," basi. Simu ikatetemeka ndani ya mkoba, akatoka nje akiinama.

"Toto," Opolot alimwita, kama Wateso wanavyomwita mama, "mimi siwezi kuliacha gari. Lakini nimempa wa mbele yangu. Yeye atampa wa mbele yake."

Ndivyo ilivyokuja. Bahasha ilipita kabini hadi kabini, ikinyoshwa dirishani, mkono kwa mkono, mbele ya malori yaliyokuwa hayawezi hata kusogea hatua moja. Akiteng na Mitchelle walisimama upande wa Kenya wakitazama watu wakivuka kwa miguu na magunia yao. Walisimama mpaka saa tisa. Ndipo Dancun, aliyekuwa amevuka kwenda kuipokea kwa lori la mbele kabisa, alipotokea katikati ya watu, ameinua mkono juu kama aliyeshinda mbio, na bahasha iko mkononi.

Ilikuwa na alama ya mafuta ya gari pembeni, ila ndani kila karatasi ilikuwepo. Jina la Mitchelle lilikuwa halisomeki vizuri tena, kwa sababu kila aliyeipokea alikuwa ameacha alama kwa utaratibu wa Mama Mitch: namba ya Ayub, namba ya Opolot, na chini yake namba kumi na saba za malori, za Kenya, za Uganda, moja ya Rwanda. Wengi wao Akiteng hakuwajua kwa sura.

"Eyalama noi," alimwambia Opolot kwenye simu, asante sana, na akairudia mpaka Opolot akasema salio linaisha.

Mitchelle aliishika bahasha kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipolia, na Akiteng akamwacha alie apendavyo.

Jumatatu, Kisumu, wazazi walipanga mstari mrefu na magodoro, ndoo na mabegi. Wengi walibeba karatasi ndani ya faili safi za plastiki. Akiteng alikuwa amemnunulia Mitchelle moja stendi. Msichana aliiweka ndani ya ndoo na sabuni. Walipofika mezani, mwanamke wa kupokea wanafunzi alitoa karatasi moja moja, akazipanga, akaigeuza bahasha.

"Mama, hizi namba ni za nini?"

Akiteng akafungua mdomo, lakini Mitchelle alikuwa ameshajibu. "Ni za watu walionileta."

Mwanamke akamtazama, akagonga muhuri, akasema, "Karibu chuo. Anayefuata."

Jumanne mchana Ayub aliegesha trela lake tupu, akaja akijinyosha mgongo. Madondo yalikuwa tayari. Tangu asubuhi madereva walikuwa wakisimama kibandani kuuliza, hata wasiokula, na Akiteng alikuwa ameshajibu mara ishirini. Ayub hakuuliza mara moja. Alinawa, akaketi, akamega chapati.

"Nesi alifika?"

"Alifika," Akiteng alisema. Akamwekea chapati nyingine ambayo hakuiagiza, kisha akaketi mbele yake, jambo ambalo hafanyi kamwe saa ya wateja, akaanza kumsimulia tangu mwanzo.