Pengo Katika Muhuri

Mtu akiniambia "usijali," hapo ndipo naanza kujali. Nilizaliwa hivyo. Mama husema nikiwa mdogo nilikuwa nakoroga uji kwanza nione kama kuna kitu chini, na uji wenyewe amenipikia yeye. Kazi yangu imeniongezea ugonjwa huo. Nina mashine ya leza mjini Nakuru, kwenye chumba kimoja juu ya duka la viatu, na ninachonga mihuri ya mpira ya shule, makanisa na vyama. Anayetaka muhuri lazima alete barua na kitambulisho, na hata akivileta bado namwangalia mara mbili.

Mzee alikuja Jumatatu asubuhi na kitu amekifunga kwenye leso. Ulikuwa muhuri wa zamani wenye mpini wa mbao, mpira wake umekauka na kupasuka kama kisigino. Alisema yeye ni katibu wa kampuni iliyonunua shamba la mzungu huko chini ya Mlima Longonot wakati wa wazazi wetu, watu wakagawana kwa hisa. Nilishtuka. Mama yangu anaishi kwenye shamba hilo hilo, na baba amezikwa pale. Sikumwambia.

"Nataka kama huu, madam. Na hapa usipaguse," alisema. Kidole chake kilikuwa kwenye duara la nje, chini upande wa kushoto, ambapo mstari ulikuwa umekatika. Pengo lilikuwa na upana wa punje ya mchele.

"Mzee, hapo pameharibika. Nitakuzibia."

"Usizibe. Usijali, wewe chonga tu vile iko."

Usijali! Mwenye mali akitengenezewa kitu kipya hataki kasoro ya zamani. Anayeitaka kasoro ni yule anayetaka kipya kionekane cha zamani. Nikamhoji, naye akanieleza bila haraka, na nikamshuku zaidi, kwa sababu maelezo mazuri hupikwa nyumbani. Eti siku muhuri ulipoletwa uliangukia jiko, ukaungua hapo kabla haujapiga kadi hata moja. Kwa hivyo kila kadi halali ya hisa ina pengo. Baadaye mjanja mmoja alichonga muhuri wake wenye duara zima, akawauzia watu kadi hewa.

"Kwetu, madam, ile safi ndiyo feki," alisema.

Sasa hati za mashamba zilikuwa karibu kutolewa. Kila mwanachama angepewa barua ya kampuni ya kupeleka ofisi ya ardhi, na hakuna ambaye angekubali barua isiyo na pengo. Wenye kadi safi hawangepewa barua. Wangengoja mkutano uamue kama watabaki kwenye mashamba yao au la.

Barua yake ya idhini ilikuwa sawa, kitambulisho pia. Nikamwambia arudi Ijumaa.

Nakiri kazi yenyewe ilinivuta. Duara zima mtu yeyote atalichonga. Kuchonga pengo ambalo kingo zake zinaonekana ziliungua kwa bahati mbaya, hiyo ni kazi. Jaribio la kwanza lilitoka limevimba, herufi zimeyeyuka miguu. Nikafuta lenzi kwa pamba na spiriti, maana vumbi la Nakuru wakati wa kiangazi halina adabu, huingia hata palipofungwa. Nikashusha nguvu, nikaongeza kasi, nikaipitisha leza mara mbili badala ya kuchoma mpira kwa mara moja. Nikainua lenzi unene wa kucha, nikaishusha tena. Kila badiliko naliandika daftarini, moja moja, kwa sababu ukibadilisha mambo mawili pamoja hutajua lipi lilikusaidia. Herufi nikazipa kitako, pana chini na nyembamba juu, zisilale zikigandamizwa.

Kufikia Jumanne chumba kilinuka mpira uliochomwa mpaka mwenye viatu akapanda kulalamika, lakini nilikuwa na muhuri ambao hata mimi singeutofautisha na ule wa zamani. Nikaufungia kwenye droo. Mzee hangeupata kabla sijamshika. Siku za mwizi ni arobaini, na yake nilikuwa nimeamua itakuwa Ijumaa.

Jumatano nikaenda kwa mama nikiwa na kioo cha kukuzia. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kadi ya mama ni halali, kwa hivyo ikikosa pengo, mzee ni mwongo. Kwamba kadi ni halali sikuwahi kulishuku, mimi ninayeshuku hata chumvi.

Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Alifuta mikono, akaitoa kadi kwenye mkebe wa majani chai. Duara lilikuwa zima, safi, limepigwa vizuri. Nilipiga makofi.

"Nimempata!"

"Umempata nani?"

Nikamweleza habari yote. Hakucheka nami. Aliinuka, akaenda uani, akamwita jirani ambaye wamechota maji pamoja miaka yote, naye akaja na kadi yake. Nikaweka kioo juu yake. Pengo lilikuwepo, chini upande wa kushoto, punje ya mchele. Akaitwa mwingine wa ng'ambo ya barabara. Yake pia ilikuwa na pengo.

Majirani walipoondoka mama aliketi juu ya gunia.

"Yetu ililetwa na mtu hapa nyumbani," alisema. "Baba yako alikuwa amechelewa kununua. Alifurahi sana. Akaniambia, ona, hii yetu haijakatika kama za hawa."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimepekua nguo za watu wote isipokuwa zetu. Niliona aibu, na baada ya aibu nikaona hofu, kwa sababu mama hana mahali pengine.

Alhamisi sikumfungulia mteja yeyote. Nilichukua karatasi kuukuu, nikapiga juu yake maduara mazima kwa muhuri mwingine, nikaiweka chini ya leza. Nguvu ndogo kabisa, kasi ya juu kabisa, mahali padogo kama punje ya mchele. Duara la kwanza likatoboka. La pili likapata kahawia pembeni. Nikaendelea, nikiandika daftarini kama kawaida. Kwenye duara la tisa leza iliondoa wino peke yake, karatasi ikabaki kana kwamba haijawahi kuguswa. Nililitazama kwa kioo.

Nilitaka kuifanyia kadi ya mama hivyo. Sitajisingizia utakatifu. Lakini nilikuwa nimeshika kadi za wale majirani kwa mikono yangu, na kama mimi naweza kuweka pengo ninapotaka, basi pengo lao halina kazi tena. Na yule mzee niliyemwita mwizi wiki nzima angekuwa kweli amemletea mwizi muhuri wake. Nikazima mashine nikaenda nyumbani kwangu mtaa wa Section 58, sikula.

Ijumaa mama alifika kabla ya mzee, amevaa kitambaa chake cha kanisani, kadi iko ndani ya kibeti. Aliizunguka mashine akiitazama.

"Hii mashine yako," aliniuliza polepole, "haiwezi kutoa wino kidogo tu? Hapa?" Kidole chake kilijua mahali.

"Haiwezi, mama. Itachoma karatasi."

Nilisema hivyo huku daftari likiwa wazi karibu na kiwiko chake, na kando ya daftari ile karatasi ya maduara tisa. Bila miwani mama hawezi kusoma maandishi yangu, lakini maduara aliyaona. Aliyapitia kwa kidole, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho. Hapo kidole kikatulia.

Akaniangalia vile mimi huangalia wateja. Kisha akavuta kiti, akaiweka kadi yake katikati ya meza mahali ambapo mzee angeiona akiingia, akaketi kumngoja.