Majani ya Kona ya Mama Mkwe

Rafiki yangu, mwezi uliopita nilipanda baiskeli kutoka Gitega hadi Muyinga, daftari likiwa ndani ya mfuko wa nailoni mgongoni. Kuna kikundi cha watu wa ofisini pale Gitega ambao kila Jumapili huvaa kaptura za kubana na kupanda milima kwa hiari yao, jambo ambalo bibi yangu angelicheka mpaka ashike mbavu. Walitaka waandikiwe njia: wapi panapanda, wapi panashuka, wapi ushike breki, wapi unywe chai. Kazi wakanipa mimi, kwa sababu wananijua. Mimi ni mtu wa kuchana ukurasa mzima kwa ajili ya mstari mmoja uliopinda. Hakuna aliyenifundisha kuchora njia. Nilijifunza mwenyewe kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na kila kona niliichora mara tatu kwa hofu ya kukosea.

Nilifika Muyinga nimechoka, nikamuuliza mwendesha pikipiki mmoja chai nzuri iko wapi.

"We nenda kwa Bila Majani," akaniambia. "Uliza tu, kila mtu anapajua."

Kilikuwa kibanda cha mbao chenye meza mbili. Mwanamke wa rika langu, kajifunga mtandio wa kijani, alinimiminia chai ya maziwa yenye tangawizi na kuniwekea chapati juu ya kisahani. Nikamuuliza jina la pale limetoka wapi.

"Ni la baba, dada," alisema huku akifuta meza. "Alikuwa dereva wa lori. Wanasema alikata mtu mguu, sababu hakuweka majani barabarani. Amekufa, jina limebaki kwetu. Hata mtoto wangu, shuleni wanamwita hivyo."

Sikuimaliza chai ile. Nitakueleza kwa nini, wala sitajipamba.

Kilima tulichokaa mimi na bibi kiko ng'ambo ya mto Ruvubu ukitoka Gitega. Tulirudi kutoka Tanzania, kambi ya wakimbizi, nikiwa na miaka tisa. Nilikuwa sijawahi kuona mlima wa kweli. Asubuhi bonde lote lilijaa ukungu, mto hauonekani, unausikia tu, na juu ya ukungu zilisimama ncha za mikaratusi. Bibi aliamka kabla yangu. Harufu ya maharagwe yaliyolala jikoni, yakipashwa moto kwa mawese, ndiyo iliyonitoa kitandani. Kazi yangu ilikuwa kuwatoa mbuzi zizini, kuteka maji na kufagia. Nilifagia ua wetu mpaka ukawa na mistari kama daftari, na kuku akiukanyaga nililia.

Lakini hasa nilipenda barabara. Ilipita chini kidogo ya nyumba yetu, ikashuka hadi darajani kwa kona saba. Wabeba ndizi walikuja nayo kasi, mikungu sita au saba imefungwa ubavuni mwa baiskeli, na mlio wao ulikuwa kama kitambaa kinachochanwa. Wengi hawakuwa na breki. Walikanyaga tairi la nyuma kwa soli ya kandambili ya mpira, na harufu ya soli inayoungua ilitufikia mpaka uani. Wakirudi kutoka Gitega walishika mkia wa lori, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwenye usukani, wakavutwa mlimani kama ndama. Matingo, wasaidizi wa madereva, hawakupenda. Kuna waliowarushia maganda ya miwa. Yupo mmoja aliyewagonga vidole kwa kipande cha bomba, na wabeba ndizi walimjua, wakalijua na lori lake, la bluu, lililoleta mizigo kutoka mpakani Kobero.

Kila sehemu ya njia ile ilikuwa na jina. Mlima wa kwanza baada ya daraja ulikuwa Kanyaga Ulie. Baada yake kulikuwa na Uza Baiskeli. Kona iliyo mbele ya kwetu iliitwa Mama Mkwe, kwa sababu mbele yake hata mlevi hushika adabu. Majina haya nilifundishwa na jirani yetu, kijana mbeba ndizi aliyejifunza Kiswahili sokoni Gitega, na ambaye jioni aliniazima baiskeli yake niizungushe uani. Nilipoanguka hakunicheka. Alisema tu, "We inuka, baiskeli iko inakungoja."

Shuleni walinicheka. Kirundi changu kilikuwa kibovu, na mwalimu alikuwa na mchezo wake: ukikosea, unasimama juu ya benchi na darasa zima linarudia kosa lako kwa sauti moja. Nilisimama juu ya benchi lile karibu kila siku. Waliniita Mtanzania. Msichana aliyekaa nami alihamisha daftari lake, akasema makosa yangu yanaambukiza. Nilijifunza kunyamaza, na nikagundua kwamba kuna kitu kimoja ninachoweza kufanya bila kosa na bila maneno. Kufagia.

Jumamosi asubuhi, kama unavyojua, ni kazi za pamoja. Magari yanasimama, baiskeli zinasimama, watu wote wanatoka na majembe. Kila nyumba ya kando ya barabara ilipewa kipande chake cha kusafisha, na kwa kuwa bibi alikuwa na mgongo mbovu, chetu kilikuwa changu. Kilianzia juu kidogo ya Mama Mkwe. Wiki ile mwalimu alitangaza kwamba atapita kukagua, na mwenye kipande safi kuliko vyote atatajwa Jumatatu mbele ya shule nzima. Sikulala vizuri usiku wa Ijumaa.

Alfajiri niliteremka na ufagio. Nyuma tu ya kona, mahali ambapo anayeshuka haoni mpaka aingie, lilisimama lile lori la bluu. Lilikuwa limevunjika ekseli tangu jioni. Tingo alikuwa amekwenda Gitega kutafuta kipuri, dereva amelala peke yake ndani. Alikuwa mtu wa Muyinga, mwenye kofia nyeupe ya kufuma. Aliniomba maji ya kutawadha, nikamletea dumu. Alinishukuru kwa Kiswahili kama changu, na sijui kama unaelewa ilivyokuwa kwangu, mtu mzima kuzungumza nami bila kucheka. Akanionyesha matawi makubwa ya mti wa uzio, aliyokuwa ameyakata na kuyalaza barabarani juu ya kona, matatu, kwa kupishana.

"Majani yale ni ya kuwaambia watu waende polepole," alisema. "Yasiguswe, mama."

Nilimsikia. Miaka mingi nimejiambia sikumsikia, au nilikuwa mtoto wa kambini nisiyejua mambo ya lami. Nilimsikia vizuri, na nilielewa.

Lakini matawi yalikuwa ndani ya kipande changu. Nilifagia kila jani dogo, nikang'oa nyasi za ukingoni, nikapanga mawe, na katikati ya usafi wote ule yalilala yale matawi, yakimwaga majani mapya kila upepo ulipopita. Niliona mwalimu anakaribia, yuko kipande cha tatu kutoka changu, ameshika kalamu. Nikajiambia nitayaondoa kidogo tu, akishapita nitayarudisha. Magari na baiskeli bado zilikuwa zimezuiwa juu, kwenye soko. Muda ulikuwepo. Niliyaburuta moja moja mpaka nyuma ya zizi la bibi ili mwalimu asiyaone, nikafuta alama za kuyaburuta.

Mwalimu alichelewa. Alisimama kwa mzee mmoja akisimuliwa habari ya ng'ombe. Aliponifikia alitembea kipande changu mwanzo hadi mwisho, mikono nyuma, na akasema neno moja.

"Safi."

Nilisimama pale na neno lile. Sikukimbilia matawi. Nilitaka kukaa nalo kidogo. Na ndipo nikasikia huko juu filimbi ya kufungua njia, na mlio wa kitambaa kinachochanwa.

Wabeba ndizi walioachiliwa kwa pamoja hushindana. Wa kwanza alikuwa jirani yetu. Aliniona nimesimama juu ya kona, akatazama barabara mbele yake, tupu, safi, bila jani. Nami, rafiki yangu, nikampungia ufagio. Sijui kama nilitaka kumsimamisha au nilitaka aone kazi yangu. Hilo mpaka leo sijui. Alitabasamu, akainua kandambili yake kutoka kwenye tairi.

Ndizi zilitapakaa kote chini ya lori, zikapondwa. Watu walizikusanya zile nzima kabla ya kumkusanya yeye.

Waliofuata walitupa baiskeli zao wakamvuta dereva kutoka ndani ya lori. Walimpiga makofi, kofia yake ikaanguka kwenye damu na ndizi, wakamfunga kwa kamba ya turubai lake mwenyewe. Naye alirudia sentensi moja tu.

"Mi niliweka majani. Wallahi niliweka majani."

Mkuu wa kilima, ambaye kwetu ni kama mwenyekiti wa kijiji, alikuja akauliza majani yako wapi. Hakukuwa na hata moja. Ndipo dereva akanitazama, na uso wake ukafunguka kama mtu aliyeona mlango.

"Mtoto huyu anajua. Mi nilimwonyesha. Sema, mama. Sema tu."

Watu wote wakageuka. Mwalimu alikuwepo. Wenzangu wa darasani walikuwepo, vinywa wazi, wakingoja Kirundi changu. Mkuu wa kilima aliniuliza taratibu kama niliona majani yoyote barabarani. Nikajibu kwa Kirundi kisicho na kosa hata moja, sentensi yangu ya kwanza ya namna ile.

"Barabara ilikuwa safi."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa kuthibitisha, maana naye aliiona. Wanaume wanne walimbeba jirani kwenye machela, wakakata njia kupitia uani kwetu. Nyuma ya zizi mbuzi walikuwa wanatafuna. Bibi alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe, alitazama mbuzi, akatazama ufagio mkononi mwangu, akasema, "Leo wameshiba mapema." Hakuliongelea tena mpaka alipokufa. Ila hakunisifia tena kufagia.

Jumatatu nilitajwa. Shule nzima ilinipigia makofi ya mpangilio, matatu matatu. Msichana wa benchi langu alirudisha daftari lake karibu na langu, na siku ile hakuna aliyeniita Mtanzania. Nilifurahi. Ukinichukia kwa lolote, nichukie kwa hilo.

Sasa turudi kwenye safari yangu. Nilipotoka kwenye kile kibanda cha Muyinga sikumwambia kitu yule mwanamke. Nililipa, nikasema asante, nikarudi na njia niliyojia. Jirani yetu yuko hai. Anaziba matairi pale chini karibu na daraja, amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja wa suruali umefungwa fundo. Miaka yote hii nilikuwa napita nikimsalimia kwa mkono bila kusimama, nikijifanya mteremko umenibeba. Safari hii nilisimama. Nikamweleza yote kwa mpangilio, kwa sababu usiku nilikuwa nimeyaandika na kuyasahihisha mara mbili.

Alinisikiliza akiendelea kukwangua mpira.

"Mi nilijua," alisema. "Walinipitisha kwa bibi yako. Niliona mbuzi iko inakula majani."

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Tingo wa lori ile alinivunja kidole hiki. Dereva aliona kwenye kioo, akacheka. Nilitaka aende ndani, akaenda." Alipaka gundi, akaipuliza. "Na we, leo umekuja kutafuta nini?"

Nikasema nilitaka ajue. Nikasema sitaki kuendelea kubeba jambo hili likiwa limekaa vibaya.

Alinitazama kwa mara ya kwanza, kwa upole wa jioni zile za kujifunza baiskeli, na huo upole ndio ulioniumiza.

"Bado unafagia tu," alisema. "Hapa kwangu hakuna uchafu wako. Uko Muyinga. Njia unaijua."

Ninaijua, kona kwa kona. Nilipanda hadi Mama Mkwe nikakaa ukingoni. Mikaratusi imekatwa yote, bonde liko uchi hadi mtoni. Nyumba ya bibi ni kichuguu chenye maboga. Vijana wanaopita na ndizi wana breki siku hizi, na nilipowauliza Kanyaga Ulie ni wapi walidhani nawatania. Majina yote ya njia ile yamekufa na wengi wa waliokuwa wakiyataja. Limebaki moja tu, huko mwisho wa safari, nalo ni la uongo, na ni mimi niliyelitia.

Nilipokuwa nikinakili daftari kwa ajili ya wale watu wa ofisini, kwenye ukurasa wa Muyinga nilifuta "kwa Bila Majani" nikaandika "kibanda cha chai cha mbao, mwenye mtandio wa kijani". Wiki iliyopita walilisoma. Walilisifu sana, wakalipitisha mkono kwa mkono. Kasoro ilikuwa moja. Mkubwa wao alisema hakuna atakayekipata kibanda kwa maelezo yale. Mtandio leo ni wa kijani, kesho ni wa njano. Hapana jina? Mwenzake akadakia kwamba anapajua, ni kwa Bila Majani, kila mtu anapajua, kwa nini halikuandikwa?

Wote wakanigeukia, wakingoja.

Nikachukua kalamu nikalirudisha, kwa mwandiko mzuri.